Dungu la Uani

Mbao zililetwa Ijumaa alasiri juu ya mkokoteni, nami nilikuwa uani nafua. Mume wangu alitangulia, bado amevaa kanzu aliyoswalia, akaniomba nifungue mlango wa nyuma, mabawa yote mawili. Nikaona mbao ndefu, nene, zilizopauka kwa jua na chumvi, nyingine zingali na misumari iliyopinda.

"Ndizo hizo," akasema. "Haya, useme sasa unataka nini."

Nilikuwa nimelalamika kwa muda mrefu hata nikadhani jibu limekaa tayari mdomoni. Halikuwapo. Nilisimama na povu mikononi nikitazama mbao zikiegemezwa ukutani, kama mtu aliyeitwa mbele ya watu aseme jambo ambalo hajalifikiria.

Mume wangu alikuwa fundi wa jenereta katika hoteli moja ya watalii hapo Malindi. Hoteli ilikuwa ikibomoa sakafu ya mbao ya upande wa ufuoni, ile ambayo wageni walishinda juu yake wakinywa na kuota jua, ijengwe nyingine ya saruji. Wafanyakazi wakaruhusiwa kuchukua mbao za zamani. Wenzake walizifanya milango na mabanda ya kuku. Yeye alizileta nyumbani kwa sababu nilikuwa nimemchosha. Kila alipotoka kazini na kuniuliza nimeshindaje, nilimjibu kwamba hakuna pa kukaa.

"Na uani je?"

"Uani ni chumba kisicho na dari."

Alicheka, lakini sikuwa nafanya mzaha. Mimi nilizaliwa upande wa Kaloleni, kwenye boma lisilo na ukuta, kati ya minazi. Tulipika nje, tukala nje, na hata ugomvi wetu ulikuwa wa nje, jirani akausikia na kuja kuamua. Mahindi yalipokaribia kukomaa nilipelekwa shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasiyale, na huko baba alitusimamishia dungu, jukwaa la miti lililoinuka juu ya mimea. Nilikaa pale kutwa na kombeo langu, miguu inaning'inia, nikiona hadi bondeni. Kisha nikasilimu, nikaolewa mjini, nikaingia nyumba ya mawe yenye kuta nene.

Ilikuwa nyumba nzuri, sina la kuilaumu. Lakini uani sakafu ilikuwa mawe ya matumbawe yenye meno, yaliyomchubua mtoto magoti kila alipoanguka. Mvua za masika zikinyesha, maji yalisimama hapo. Kaskazi ikifika na joto lake, mawe yalikunywa jua tangu asubuhi na kulitapika hadi magharibi, na ukuta uliompita mtu mzima kimo ulizuia upepo wote. Tulikaa ndani, ukumbini, tukipepea na vipepeo vya ukindu. Watoto walikuwa wawili, na wa tatu alikuwa njiani. Siwezi kusema nilikuwa na huzuni. Nilikuwa tu situlii. Niliingia chumbani, nikatoka uani, nikaenda jikoni, nikasahau nilichokifuata. Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, ambaye ndiye mwenye nyumba, aliniangalia siku moja nikipita na kurudi mbele yake, akaniuliza taratibu:

"Mkazamwana, una siafu miguuni?"

Basi zile mbao zilipofika niliona zimekuja kuniponya. Siku iliyofuata nilichukua jivu jikoni, nikachora chini. Nilianza na mraba karibu na kisima. Nikaona watoto watatumbukia, nikaufuta kwa ufagio. Nikachora mstatili mbele ya jiko, mavyaa akatoka na mbuzi yake ya kukunia nazi, akaiweka katikati ya mchoro, akaketi juu yake.

"Hapa ndipo pangu," akasema. "Ukitaka kujenga, nijenge na mimi ndani yake."

Mume wangu naye alikuwa na rai yake. Alitaka sakafu kubwa, ipokee magodoro wakati wa joto, tulale sote nje. Mavyaa alitaka ndogo, maana kila ubao ni kazi ya kufagia. Mimi sikujali ukubwa. Nilitaka iwe juu. Nilitaka mtu akiketi, kichwa chake kivuke ukuta, akutane na upepo. Nilipowaeleza habari za dungu la shambani, mavyaa alitabasamu, na tangu hapo neno likakaa. Hatukusema jukwaa wala sakafu. Lilikuwa dungu, hata kabla ya msumari wa kwanza kugongwa.

Fundi tuliyemwita alikuwa mtengenezaji wa vitanda, mtu mpole, mzito wa kuahidi. Alipima kwa kamba, akaondoka akaniacha na mchoro tuliokubaliana. Aliporudi, mchoro ulikuwa mwingine. Nilikuwa nimelisogeza dungu chini ya mti wa mkilifi, yaani mwarobaini, tuliokuwa nao pembeni, nipate kivuli. Akapima tena. Kesho yake nikawaza kwamba mkilifi unapukutisha majani na maua, nikalirudisha katikati. Nilikuwa nimebadili pia upande wa ngazi, na nafasi kati ya ubao na ubao, ambayo nilitaka itoshe kidole maji yapite, mavyaa akadai iwe nyembamba kwa sababu sindano zake za kushonea zitadondoka.

"Mama," fundi akasema akikunja kamba yake, "mimi natengeneza kitu kimoja. Wewe unanipa vitatu."

"Tengeneza hiki cha leo."

"Na cha kesho?"

Mume wangu alinivuta kando akaniambia mtu akibadili nia kila siku, mafundi watamkimbia. Nikasema sawa. Lakini hata nikiwa namkunia mtoto nazi ya uji, macho yangu yalikuwa yakipima uani.

Mwishowe fundi alichimba mashimo, akasimamisha boriti za mikoko, akafunga viunzi, akapanga mbao juu bila kuzigonga, nijaribu kwanza kimo nilichotaka. Ilikuwa baada ya alasiri. Nilipanda ngazi nikimshika mtoto mkubwa mkono. Mdogo alibaki chini na bibi yake. Nilipofika juu nikasimama, na upepo ukanipiga usoni.

Sijui namna ya kuueleza upepo kwa mtu ambaye hajaukosa. Kanga ilijaa kama tanga. Binti yangu akaanza kutaja anachokiona, paa la shule, tangi la maji, mbuzi juu ya kifusi. Kwa mara ya kwanza tangu kaskazi ianze, nilikuwa sitaki kwenda popote.

Kisha nikatazama chini upande wa pili wa ukuta.

Jirani yetu alikuwa mjane mrembo, mtu mzima wa rika la mavyaa, aliyejipatia riziki kwa kupika mikate ya sinia ya shughuli za watu. Alikuwa amekaa juu ya kibao cha mlango wake, amevua kanga, amebaki na gauni jepesi la ndani, nywele zake ndefu za mvi zimelowa, anazichana. Nilikuwa sijawahi kuona nywele zake. Naye aliinua uso, kitana kikabaki kichwani.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "umesimama juu ya nini?"

Nilishuka haraka hata nikamburura mtoto. Nilisikia mlango wake ukifungwa.

Ili ufahamu uzito wa jambo lile, lazima ujue namna alivyoishi na mavyaa. Waliolewa mtaani humo wakiwa wasichana, wakaitana somo, yaani rafiki wa moyoni. Kutoka mlango wetu hadi wake, kwa njia ya barabarani, ilibidi uzunguke vichochoro vingi, kwa hiyo walizungumza kupitia ukutani. Kila asubuhi mavyaa alisema, "Somo, umeamkaje?" na sauti ikajibu ng'ambo, "Nimeamka salama, somo. Huko je?" Vitu vilipita juu ya ukuta: mkono mmoja uliinuka na sahani ya mkate, mkono mwingine ukaipokea. Walijuana mambo yote, na hawakuonana nyuso ila kwenye maziko na harusi.

Asubuhi iliyofuata mavyaa alisalimia. Hakuna aliyejibu. Akasubiri, akasalimia tena. Tukasikia ndoo ikiburutwa ng'ambo.

"Ua wa mtu ni sitara yake," mavyaa akaniambia. Hakunigombeza. Alisema hivyo tu, akaenda kuchambua mchele wake ameupa ukuta mgongo.

Mume wangu alipata dawa papo hapo. Tuinue ukuta, akasema, kwa makuti yaliyosukwa, futi kadhaa juu ya mawe.

"Ukiinua ukuta umeua upepo," nikamwambia. "Nitapanda juu nikatazame makuti?"

"Basi unataka nini? Chini hutaki kukaa, juu hutaki kufunikwa."

"Nataka kufikiri."

"Umefikiri mwezi mzima. Mbao zitaoza ukifikiri."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Hasira zake zilikuwa za mtu aliyechoka, akatoka kwenda zake barazani kwa wenziwe. Nami nikavaa buibui, nikazunguka vichochoro hadi mlango wa mbele wa jirani.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia."

Alikuwa peke yake uani mwake, lakini kanga aliikaza kichwani hadi nyusini. Sinia zake zilikuwa zimeegemezwa ukutani, safi, hazina moto. Nikamwambia nimekuja kumtaka radhi.

"Radhi ya nini? Hukupanda kunichungulia. Ulipanda kupunga upepo, nilikuona uso." Akanisogezea kigoda. "Tatizo si wewe. Tatizo ni kwamba sasa najua mtu anaweza kusimama pale. Nikivua kanga, nasikia macho hata kama hayapo."

"Tutalivunja, mama. Kesho fundi akija."

"Msivunje." Alisema haraka mno, kisha akapunguza sauti. "Mwanangu wa Mombasa ananiita nikakae kwake tangu baba yake alipofariki. Namwambia siwezi kuacha nyumba. Ananiuliza kwa nini, nakosa la kusema. Sasa nimepata la kuwaambia watu hapa. Nitawaambia nimekosa sitara."

Nilikaa pale juu ya kigoda nikimtazama. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa, si kusikia haya. Alikuwa akizungusha pete kidoleni, akitazama mlango, akitazama sinia, akitazama tena mlango, nami nilizijua dalili zile zote. Alikuwa akitaka kuondoka siku nyingi, na kumbe dungu langu lilikuwa ndilo ruhusa yake.

"Na mavyaa wangu?" nikamuuliza.

"Somo atanielewa," akasema, lakini hakunitazama.

Hakumwelewa. Nilipofikisha habari, mavyaa aliacha kukuna nazi.

"Kwa hiyo mbao za wazungu zimenihamishia somo yangu."

Nilitaka kumweleza alivyosema mwenyewe, kwamba ilikuwa kisingizio, lakini nikaona nikisema nitakuwa nimemvua jirani yangu kwa mara ya pili. Nikaubeba ule mzigo mwenyewe. Siku zile nilizunguka nyumba zaidi ya zamani. Nilifagia palipofagiwa. Nilikuwa nikiamka alfajiri na kwenda kulitazama lile jukwaa lisilogongwa misumari, limesimama katikati ya ua, na nikaanza kulichukia.

Fundi alipokuja nikamwambia akate miguu.

"Niikate kiasi gani?"

Nikainama, nikaweka kiganja kwenye muundi wa mguu wangu. Akatazama kiganja, akanitazama mimi.

"Hilo si dungu tena. Hilo ni kizingiti."

"Kata."

Alikata. Tulilihamisha kutoka katikati, tukalilaza kandokando ya ukuta wa jirani, refu, jembamba, mwisho wake mmoja chini ya mkilifi. Kwa mavyaa nilimwekea pembe iliyo karibu na jiko, mbao zimebanana, sindano isipite, na kwingine kote nikapata nafasi yangu ya kidole. Jiko la mkaa tuliliwekea mawe bapa pembeni, cheche zisiruke kwenye mbao. Mume wangu alipiga randa jioni kadhaa baada ya kazi, ile rangi ya kupauka ikatoka, chini yake mbao zikawa nyekundu. Alikuwa ameridhika. Alinyosha miguu, akasema hapa watalii hawajapata kukaa hivi. Upepo ulifika kidogo tu, wa kubahatisha. Magoti ya watoto yalipona. Tulianza kula chakula cha jioni pale, na nyakati za joto tulilala pale, mimi nikiwa upande wa nje niweze kuinuka bila kuwaamsha.

Jirani alikwenda Mombasa hata hivyo. Alikuja kuaga kwa mlango wa mbele, mavyaa akampokea ukumbini kama mgeni, wakanywa kahawa na kuulizana habari za watu wengine. Alipotoka, mavyaa alikwenda chumbani. Kesho yake asubuhi nilimsikia uani akianza, "Somo, ume...," kisha akakohoa kana kwamba hakuwa akisema kitu.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa, mvua zikaja na kwenda. Maji yalipita chini ya dungu na sisi tukiwa juu, tumekauka, na hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotazamia. Mavyaa alianza kumlaza mjukuu kwenye pembe yake na kumpepea. Kati yangu na yeye mambo yalirudi mahali pake polepole, bila mazungumzo. Siku moja aliniambia tu, akiwa anachambua mchele, kwamba hata yeye alipoolewa alilia mwaka mzima kwa ajili ya upepo wa kwao Mambrui.

Ndipo siku moja, jua la asubuhi likiwa limeshapanda, tukasikia sauti ng'ambo ya ukuta.

"Somo, umeamkaje?"

Mavyaa alisimama hata mchele ukamwagika. Hakujibu salamu. Alisema, "Umerudi kufanya nini?"

"Nizunguke nije nikueleze, au unanitaka niseme kwa majirani wote?"

Alizunguka. Alikuja amebeba mkoba wake, amenenepa kidogo, akaketi ukingoni mwa dungu bila kukaribishwa, akavua viatu. Mwanawe alikuwa akikaa ghorofa ya tatu, akatueleza. Mwezi wa kwanza hakuthubutu kufungua pazia, maana madirisha ya nyumba ya pili yalikuwa pale pale, karibu ungeweza kupokezana chumvi. Mwezi wa pili alifungua kidogo. Baadaye akawa anaketi dirishani kutwa. Aliwajua wote: mwanamke anayepiga pasi akiimba, mzee anayelisha paka, mabinti wanaosukana. Walikuwa wakimpungia mkono.

"Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini ile ni nyumba yake, si yangu, na mikate yangu nani ataila kule," akasema. "Nimerudi jana magharibi. Nimeamka nikatazama kuta zangu nne, nikaona sitaweza. Nimeharibika, somo."

Kisha akanigeukia mimi, akapapasa mbao kwa kiganja.

"Mbona mmeliweka chini hivi? Hapa upepo haufiki."

Nilimtazama mavyaa. Mavyaa alikuwa akiokota mchele, punje moja moja, ameinamisha uso, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka, hadi ikabidi ashike ukuta.

Jirani ndiye aliyetaka mlango. Magoti yake hayakutaka vichochoro tena, akasema, na ukuta ule ulikuwa wa nyumba zote mbili. Mavyaa alikataa. Ukuta ni ukuta, alisema, ukishautoboa hakuna mwisho. Walibishana kwa siku nyingi, sasa wote wawili wakiwa upande wetu, wamekaa juu ya dungu, sahani ya mkate katikati yao. Mume wangu alipowaambia kwamba huo mlango haungewaletea jipya lolote, maana wanashinda pamoja, mavyaa akasema basi utobolewe, lakini uwe mdogo, na komeo liwe pande zote mbili.

Fundi wetu alipoitwa aliniona mimi kwanza akataka kurudi. Nilimwambia safari hii sina neno. Nilijitahidi. Nilimwambia tu kwamba mlango ukifungukia upande wetu utagonga dungu, kwa hiyo ufungukie kule, na kwamba pengine ingefaa kukata kipande cha dungu kuacha kidaraja, na kama anakata, basi... Mume wangu akaniita ndani, na fundi akatoboa mlango.

Mwaka uliofuata mume wangu alipata kazi katika hoteli nyingine, Kilifi, tukahamia huko kwenye nyumba ya kupanga. Mavyaa alikataa kufuatana nasi. Tulipokwenda Malindi siku ya Idd tulimkuta amekaa juu ya dungu na somo yake, wamevaa nguo mpya, kahawa iko kando. Walikuwa wamemwita fundi bila kutuambia. Dungu lilikuwa limeinuliwa hadi kimo cha goti, na mavyaa amekaa katikati kabisa, anaogopa kuanguka, amemshika mwenzake mkono.

Watoto wakapanda mbio. Mume wangu akapanda, akajinyosha. Jirani akanisogezea nafasi karibu naye, akaipigapiga kwa kiganja.

"Njoo ukae, mwanangu. Leo kuna upepo."

Nikasema nakuja. Lakini nilikuwa nimeona boriti moja ya pembeni imekaa mshazari, na ya pili yake ilionekana imeungwa kwa kipande kifupi mno. Nikaweka mkoba chini, nikazunguka upande wa pili kuitazama.